Jimbo Nililopangiwa

Juzi nilikosea chumvi kwenye unga wa chapati. Kopo liliniponyoka, chumvi ikamwagika, na nilipoanza kukanda nikasikia harufu ambayo sikuwa nimekutana nayo tangu utotoni: unga mbichi uliozidiwa chumvi, maji ya uvuguvugu, na kwa mbali kitu kama boksi lililolowa. Mwenye akili zake angeutupa ule unga akaanza upya. Mimi niliendelea kukanda, nimesimama jikoni peke yangu, mpaka donge likawa gumu kama kisigino, na jioni ile watu wa nyumbani kwangu wakala mkate wa dukani bila kuelezwa kwa nini.

Kwangu mimi hiyo ni harufu ya Minnesota. Sijawahi kufika Minnesota. Lakini hadi leo naweza kukutajia ndege wake, ua lake, mti wake, samaki wake na kinywaji chake, ambacho ni maziwa, kwa kasi ile ile ambayo wenzangu wa rika langu waliobaki nyumbani wanaweza kukutajia mikoa yote na makao yake makuu. Wao walikariri kwa fimbo. Mimi nilikariri kwa hofu, na hofu ni mwalimu asiyechoka.

Nilikuwa darasa la tano, Riverdale, huko Marekani, upande wa pili wa reli, na ilikuwa imepita miezi michache tu tangu niletwe kutoka Singida. Nasema niletwe kwa sababu mtoto haendi mahali. Huletwa na hupelekwa. Mama yangu alikuwa ametangulia. Aliondoka nikiwa bado sijaanza shule, nikabaki kwa bibi, mama yake mzazi, na kwa miaka yote iliyofuata mama alikuwa picha ya ukutani, boksi la nguo wakati wa Krismasi, na sauti iliyochelewa kwenye simu ya parokia. Unasema "shikamoo mama", unasubiri, na wakati wa kusubiri mwenye simu anakutazama.

Siku niliyofika, mhudumu wa ndege alinishika mkono mpaka kwenye geti, kadi ikinining'inia shingoni kama mzigo wa kupokelewa. Nilimtambua mama kwa meno, kwa sababu kwenye picha alikuwa anacheka. Nilimwamkia, nikampa mkono, kisha nikamsogezea begi langu jinsi mgeni anavyomkabidhi mwenyeji mzigo. Akalia pale pale. Nilidhani nimekosea adabu.

Tuliishi kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili. Asubuhi mama alikwenda Arlington kumhudumia mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyekuwa hawezi tena kuvaa viatu wala kujipikia. Usiku alikuwa na zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Katikati ya hizo kazi mbili alilala, na mimi nikajifunza kutembea kwa vidole, kufungua friji bila mlio, na kuzima televisheni kabla haijaanza kusema. Tulizungumza kama wapangaji wawili wanaotumia choo kimoja.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Asante."

"Shule je?"

"Nzuri, mama."

Treni ya mizigo ilipopita, vikombe vililia kabatini, na ule mlio ndio uliokuwa mrefu kuliko mazungumzo yetu. Nilikuwa mpweke, niseme wazi. Si kwamba nilinyimwa kitu, friji ilijaa. Nilikuwa mpweke kwa sababu nilikuwa nimesubiri miaka yote hiyo kuishi na mama, na sasa niliishi naye, na bado nilikuwa namsubiri.

Kulikuwa na Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, wa ghorofa ya chini, na kwake ndiko nilikoshinda baada ya shule. Alikuwa mnene, mchangamfu, na mume wake alifanya kazi kwenye jiko la hoteli, kwa hiyo nyumba yao ilijaa ndoo nyeupe za plastiki zilizowahi kubeba achari. Watoto wao walikuwa wadogo mno kwangu. Nilikaa mezani kwake na daftari langu, yeye akipika sombe, kisamvu chao, na tulielewana vizuri, kila mmoja na Kiswahili chake.

Majira ya kuchipua yalipoanza, mwalimu wetu aliingia darasani na kofia ya mpira imejaa vikaratasi vilivyokunjwa. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Alipita dawati kwa dawati, na kila mtoto akachomoa kikaratasi. Waliopata Florida walirukaruka. Waliopata California walipigana viganja. Msichana aliyekaa mbele yangu alipata Nebraska, akajilaza juu ya dawati akasema hataki, abadilishiwe, na mwalimu akamwambia hakuna kubadilisha. Mimi nilichomoa changu nikakifungua. Minnesota.

Mwalimu akatueleza, polepole, na Kiingereza changu wakati ule kilitosha kumwelewa. Alisema hilo ndilo jimbo letu sasa. Alisema tutakaa nalo mpaka mwisho wa mwezi wa tano, na kwamba anataka tulijue kama tunavyojua nyumbani: mji mkuu wake, bendera, ndege, ua, mti, wito wake, yaani kaulimbiu, watu wanalima nini, wanakula nini, hali ya hewa ikoje. Mwishoni kutakuwa na siku maalumu, wazazi watakuja, kila mtu atasimama aeleze la kwake.

Nilielewa kila neno. Na kila neno lilinieleza jambo moja tu: nimepangiwa.

Ninyi mliokulia kule mnajua kupangiwa ni nini. Babu yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipangiwa Mpwapwa, akahamishwa Kibondo, akapangiwa tena Manyoni, na kila mara ilitosha jina la mahali kwenye kipande cha karatasi. Siku ya siku inafika, mtu anafunga vitu vyake, anaondoka. Mama yangu mdogo alichaguliwa kidato cha kwanza Tabora. Hakuna aliyemwuliza kama anataka Tabora. Nilimwona akiondoka na tranka la bati, godoro, ndoo, fagio na jembe jipya lenye mpini mweupe, na bibi akasema kwamba mtoto anayepangiwa mbali ana bahati, maana serikali imemwona. Nilishangaa tu kwamba huku Marekani wanaanza mapema, darasa la tano. Lakini huku kila kitu kilikuwa mapema. Hata jua liliwahi kuzama.

Ndiyo maana yule msichana wa Nebraska nilimhurumia kwa dhati.

Jioni ile mama alikuwa anafunga kamba za viatu aende zamu. Nilisimama mlangoni pa sebule, mikono nyuma.

"Mama, nimepangiwa Minnesota."

Akainua uso, na uso ule ulikuwa umefurahi. Sikuwa nimeuona ukifurahi hivyo. "Minnesota! Acha utani. Mzee wangu wa Arlington kazaliwa huko huko! Una bahati wewe. Basi usihangaike, nitamwuliza kila kitu. Utajiandaa mpaka washangae."

"Ni mbali, mama?"

"Mbali sana, juu kabisa, karibu na Kanada. Na baridi yake si mchezo." Akachukua mkoba wake. "Funga mlango. Chakula kiko kwenye friji, uki-heat usisahau kufunika."

Nikafunga mlango. Nilikaa kwenye kochi bila kuwasha taa. Nilikuwa nimetegemea labda atasema nitaongea na mwalimu. Sikulia.

Kesho yake nilijaribu kwa Mama Furaha. Nilimwuliza, kwa njia ya kuzunguka, kama mtu akipewa jimbo hapa Marekani anaweza kukataa.

"Kukataa?" Aliacha kukoroga. "Utakataa kwa nani, mwana? Hapa Amerika ni vile. Wanakupatia eta, unaenda. Dada yangu walimupatia Dakota ya Kaskazini. Alikuwa hajue hata kama iko wapi. Alibeba mabagaji yake, akaenda. Sasa iko kule, anatuma mafoto ya teluji."

Alikuwa anasema habari za kambi, jinsi wakimbizi walivyogawanywa kwenye majimbo, hawa Texas, hawa Michigan, hawa Dakota. Mimi sikujua kuna tofauti. Niliona tu kwamba mtu mzima, tena mkweli, amethibitisha. Nikamwonyesha karatasi yangu iliyoandikwa wito wa Minnesota, maneno matatu ambayo hata kamusi ya shule haikuwa nayo. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaisogeza machoni, na sura yake yote ikanyooka.

"L'Étoile du Nord! Eeh, hii ni Kifaransa! Ni kusema Nyota ya Kaskazini." Akaisoma tena kwa sauti kubwa, akanirudishia. "Kama watu wa kule wanaandika Kifaransa, haiwezi kuwa mahali mubaya sana."

Nilimshukuru. Nilihitaji mtu yeyote aseme neno zuri juu ya mahali pale.

Kuanzia hapo ndipo maisha yangu na mama yalipoanza kubadilika, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Kila alasiri alirudi kutoka Arlington na habari. Zamani alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja kulala. Sasa alivua koti, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaniita, "Njoo nikuambie mzee kasema nini leo." Mzee kasema huko maziwa ni elfu kumi na zaidi, na wakati wa baridi yanaganda mpaka watu wanapita juu na magari. Mzee kasema samaki wao ana macho meupe kama ya kipofu, lakini usiku anaona kuliko wote. Mzee kasema mpunga wao huota wenyewe majini, watu wanauvuna kwa mitumbwi, wanaupiga kwa vijiti ukaanguka ndani. Mzee kasema ua lao lina umbo la kiatu cha bibi harusi, huchukua miaka mingi kabla ya kuchanua, na ukilichuma unashtakiwa.

Mama alisimulia vizuri. Sikuwa nimejua. Alikuwa anaiga sauti ya mzee, anaiga hata kikohozi chake, na mimi nilicheka huku moyo ukinizama, kwa sababu nilikuwa napenda kukaa pale naye kuliko kitu chochote, na kila alichoniambia kilikuwa cha kunisindikiza. Alivyozidi kuchangamka ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba anafurahi naondoka. Sikumlaumu. Nyumba ilikuwa ndogo, na yeye alikuwa na usingizi mwingi wa kulipa.

Siku moja alikuja na kofia ya sufu yenye masikio ya kufunga kidevuni. "Mzee amekupa. Alikuwa nayo tangu ujana wake huko Minnesota. Hebu vaa nikuone." Nilivaa. Ilinuka dawa ya nondo. Akanifunga kamba mwenyewe, vidole vyake vikigusa shingo yangu, akacheka, akasema nimependeza. Ilikuwa tayari joto nje, miti imechanua. Nani humpa mtu kofia ya baridi wakati wa joto, kama si kwa safari?

Basi nikaanza kukusanya vitu. Mama Furaha alinipa ndoo moja nyeupe bila kuniuliza ya nini. Alikuwa na ndoo nyingi kuliko sufuria. Niliisugua mara nyingi lakini haikuacha kunuka siki. Ndani nikaweka shuka, kipande cha sabuni, sweta, mswaki, na ile kofia. Fagio nililikosa. Tatizo kubwa lilikuwa jembe. Nilikuwa nimeichunguza bendera ya Minnesota kwenye kitabu cha maktaba, na katikati yake kuna mkulima anayelima, na kwa mbali mtu juu ya farasi anaondoka. Jimbo ambalo limeweka kilimo kwenye bendera halitampokea mwanafunzi mikono mitupu. Hilo halikuwa na mjadala.

"Mama," nikamwuliza wakati anakula, "huku jembe linapatikana wapi?"

Alinitazama, kijiko hewani. "Jembe? Unataka kulima nini, mwanangu? Lami?" Akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka kwa nguvu hivyo, kwa hiyo sikuendelea kuuliza. Mwishowe niliokota kwenye uwanja wa michezo koleo dogo jekundu la plastiki, la kuchezea mchanga. Nililiweka juu ya shuka. Nilijua halifai, ila angalau wangeona nilijaribu.

Ramani tuliifinyanga pamoja, mimi na mama, Jumapili moja baada ya kanisa. Unga, chumvi, maji, juu ya ubao wa boksi. Yeye alikanda, kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu ya kugeuza wazee vitandani, na mimi nikachimba maziwa kwa ncha ya kalamu. Hatukuweza kuchimba elfu kumi. Mji mkuu niliuwekea shanga, kwa sababu unaitwa Mtakatifu Paulo, na nilifikiri bibi akisikia hivyo atapumua.

"Na ndege?" mama akauliza. "Umemwandika ndege? Mzee anampenda huyo kuliko vyote."

Kwa Kiingereza anaitwa loon. Mimi nilimwita mzamiaji, kwa kuwa ndiyo kazi yake: mweusi, madoa meupe mgongoni, jicho jekundu, anazama ziwani anaibukia mbali. Mzee alikuwa amemfundisha mama mlio wake. Mama alifuta unga mikononi, akakunja viganja mdomoni, akalia kama yule ndege: mlio mrefu uliopanda, ukakaa juu, ukashuka. "Anaita mwenzake," akasema. "Anamwuliza, uko wapi? Na mwenzake anamjibu. Hebu wewe jibu."

Nikakunja viganja, na pumzi ikatoka tupu. Nikamwambia sijui kufanya. Akasema nitajifunza. Nilikuwa naona ziwa jeusi, mimi niko kandokando na ndoo yangu, naita, na anayepaswa kunijibu yuko Riverdale kalala kati ya zamu mbili.

Ukurasa wa mwisho kuhusu yule ndege niliusoma shuleni, siku chache kabla ya maonyesho. Niliutafsiri kwa kamusi neno kwa neno, kisha nikarudia kwa sababu sikuamini. Wakati wa vuli, ulisema, wazazi hutangulia kuruka kwenda kusini. Watoto hubaki ziwani. Baada ya wiki kadhaa nao huruka, peke yao, bila mtu wa kuwaonyesha njia, na hufika. Niliketi na kitabu kile mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimemwogopa ndege yule wiki zote hizo, na kumbe ndiye pekee kwenye jimbo zima niliyekuwa namfahamu.

Siku yenyewe nilikwenda shule na ndoo. Mama alikuwa Arlington, ameahidi kuja moja kwa moja kutoka huko. Mwalimu alipoiona ndoo alishika kifua kwa furaha. Alidhani ni ndoo ya kukamulia maziwa, kwa ajili ya kinywaji cha jimbo, akaiweka mwenyewe juu ya meza kando ya ramani yangu, akawaambia wengine waone jinsi mtu anavyofikiri.  Dirishani niliona mabasi ya njano yamejipanga, na nikaanza kubahatisha lipi linakwenda wapi. Msichana wa Nebraska alikuwa amevaa kofia ya mahindi ya karatasi na alionekana amekubali hali.

Wazazi waliingia. Mama alikuja amechelewa kidogo, bado na nguo zake za kazi, zile za maua madogo, akasimama nyuma kwa sababu viti vilikwisha. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima kama mbele ya mkaguzi, na nikataja yote. Mji mkuu, wito, bendera, ua, msonobari mwekundu, samaki wa macho meupe, mpunga, maziwa. Sikuangalia karatasi. Nilitaka mama aone kwamba nimejiandaa, kwamba sitamwaibisha huko niendako. Mwisho nikasema habari za ndege, na nilipofika pale wazazi wanapotangulia na watoto kubaki, nikamwona mama ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake vya kazi. Watu wakapiga makofi. Yeye alichelewa kupiga.

Kisha wakaleta keki na sharubati. Mimi nilikwenda kwa mwalimu, nikampa mkono, nikamshukuru kwa kunifundisha. Alinikumbatia. Nikawaaga wanafunzi wenzangu wawili watatu waliokuwa wakinitendea wema, nao wakanitazama kwa mshangao, midomo imejaa keki. Nikashusha ndoo mezani, nikatoka nayo kwenye korido. Mama alikuwa hapo, amesimama karibu na bomba la maji ya kunywa.

"Mama, basi langu ni lipi?"

"Basi la wapi? Leo tunarudi wote kwa miguu. Nimeomba ruhusa kwa mzee."

"La Minnesota."

Akaanza kucheka, na kicheko hakikufika mwisho. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye ndoo. Akapiga magoti, akatoa lile koleo jekundu, akaliweka chini. Akatoa shuka, akatoa sweta. Alipofika kwenye mswaki akaacha.

"Nani kakuambia unakwenda Minnesota?"

"Si nimepangiwa, mama. Nilikuambia."

Nikamweleza kila kitu, kofia ya vikaratasi, mwisho wa mwezi wa tano, dada yake Mama Furaha. Alinisikiliza bila kunikatiza, mkono mmoja mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni kazi ya shule. Ni project tu. Unasoma, unaeleza, basi. Hakuna anayekwenda popote. Wiki zote hizi ulikuwa unafunga mizigo? Mbona hukuniambia hutaki?"

"Nilidhani umekubali."

"Mimi?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nikubali uchukuliwe?"

Sikuwa na nia ya kumwumiza. Nilikuwa mtoto niliyetoka kutaja mambo ya kweli mbele ya watu, moja baada ya jingine, na hili nalo nililitaja hivyo hivyo. "Mara ya kwanza si ulikubali? Uliponiacha kwa bibi."

Mama alikaa chini. Sakafuni kabisa, na nguo zake za kazi, mgongo ukutani chini ya michoro ya watoto wa darasa la kwanza. Akaongea, haniangalii.

"Bibi yako ndiye aliyenishauri niondoke alfajiri, ukiwa umelala. Alisema ukiniona utalia, na ukilia mimi sitatoka. Nikakufunika, nikatoka. Unajua nimejifariji na nini miaka yote hii? Hilo tu. Kwamba hukuona. Kwamba ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala, mama."

Akageuka kunitazama.

"Nilisikia unafunga begi. Nilisikia unanifunika. Nilifumba macho tu."

"Kwa nini?"

"Bibi aliniambia nikilia utachelewa basi."

 Alinivuta kwa mikono yote miwili, nikamwangukia kifuani, pale sakafuni, na ndipo nilipolia, kilio changu cha miaka yote ile, kwa sauti, watu wakitupita na sahani zao za keki. Hakuniambia ninyamaze.